Mkoromo wa Mama

Chilangala, Newala
12 Mei 2024

Mdogo wangu Cecilia,

Barua hii anakuletea Ashraf, dereva wa ile Noah ya abiria, na ole wake aikalie. Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ya huku inashika mtandao pale kichuguuni tu, kando ya bomba la maji, na ukisimama pale kuongea, foleni nzima ya ndoo inakusikiliza na kukusaidia kujibu. Mambo ya nyumba yetu nayaandika.

Kwanza, Mama hajambo. Juzi bwana shamba mpya, mtu wa kuja kutoka mkoa wa mbali, alinisikia namwita mtoto wa darasa la kwanza Mama, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Ikabidi nimweleze kwamba huyu ni binti wa dada yangu, yaani wewe, kazaliwa mwaka mmoja baada ya mama yetu Justina kufariki, kapewa jina lake, kwa hiyo kwangu mimi huyu ni mama yangu amerudi. Ndiyo maana alipofika umri wa shule nilikuomba aje akae kwangu. Akaitikia kwa adabu, akaendelea kukagua mikorosho.

Na amerudi kweli, Cecilia. Mwenye shaka aje alale kwangu. Anakoroma vilevile. Mkoromo unaanza chini, unapanda taratibu, unakatika katikati kama mtu anayefikiria jambo, halafu unatoka kwa kishindo. Ni mkoromo wa marehemu mtupu. Mdomo wazi vilevile, shingo imelala nyuma vilevile. Mjomba wetu Ladislaus alipita alfajiri akienda shambani, akausikia dirishani, akavua kofia akasema, "Justina, umeamkaje?" Brigita anataka nimkataze mzee asiwe anaongea na dirisha langu, nami nimemwambia mke wangu amwache kaka mtu amsalimie dada yake. Mimi mwenyewe tangu mtoto aje nalala kama mfu. Miaka yote ile baada ya msiba nyumba ilikuwa kimya mno, nikawa nasikia mpaka mchwa.

Mwalimu Fortunatus analalamika kwamba mtoto anasinzia darasani. Nimemwambia mama yangu alikuwa anasinzia kanisani, safu ya mbele, padri anamwona, na hakuna sala asiyoijua. Jirani yetu Theodora naye anasema ni kimeo cha kooni, ana fundi wake wa kukikata. Nimemjibu kwamba hakuna atakayemtia Mama kisu nikiwa hai. Hapo najua unaniunga mkono.

Tumeanza kupuliza salfa kwenye mikorosho, ule ugonjwa wa ubwiriunga mwaka huu umewahi. Nimegeuka njano mpaka kope.

Kaka yako,
Dastani


Masasi
15 Mei 2024

Kaka Dastani,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa kwenye cherehani, nimecheka mpaka mteja akadhani namcheka kiuno. Kwa habari ya kimeo, nakuunga mkono kwa mikono yote miwili. Fundi wa Theodora akate nyasi.

Sasa niambie ukweli. Nilipomleta mwezi wa kwanza alikuwa anakoroma akiwa na mafua tu, na mafua yakiisha mkoromo nao unaisha. Wewe unaniambia ni kila siku. Je, mchana mdomo unafungwa? Anakula vizuri? Ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka? Nauliza kwa sababu kuna mteja wangu mtoto wake alikuwa hivyohivyo, watu wakimwita zuzu, kumbe pua imeziba.

Najua wewe ndiye mjomba, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mtoto. Baba yake, January, yuko kwenye ujenzi Songea, na kila nikimwuliza jambo la mtoto ananijibu, "Mjomba wake kasemaje?" Sikunyang'anyi mtu. Ila nami nimemzaa, siyo nimemwazima. Shule zikifungwa naomba nimwone.

Mdogo wako,
Cecilia


Chilangala
22 Mei 2024

Wifi yangu Cecilia,

Hujambo. Hii nimempa Ashraf kwa mkono wangu na nimemwapisha kwa dini yake. Kaka yako asijue.

Maswali yako aliyasoma kwa sauti mezani, akajibu yote mwenyewe: mtoto yuko sawa, Cecilia ana wasiwasi wa mjini. Wifi, mtoto hayuko sawa. Mdomo haufungwi mchana wala usiku, midomo imepasuka, nampaka mafuta ya nazi kila saa. Chakula anakiogopa, maana akitafuna hawezi kuhema, na akihema hawezi kutafuna, basi anameza matonge mazima na kuacha nusu. Juzi nilipika ming'oko ya kuchimba porini ikaungua, nyumba nzima moshi, yeye amekaa jikoni hajui kitu, hasikii harufu. Nikimwita kwa nyuma hageuki. Kaka yako anasema ni jeuri ya marehemu.

Na huo mkoromo unaosifiwa, mimi ndiye ninayelala naye ukuta kwa ukuta. Nikiingia na taa kumtazama, pale unapokatika anakuwa hapumui. Kifua kinavutwa ndani, miguu inatapatapa, halafu anashtuka na kile kishindo. Kitanda kinakuwa kimelowa, nami nafua kabla mjomba mtu hajaamka, kwa maji haya ya kununua. Darasani wenzake wanamwita Mdomo Wazi. Mwalimu amesema mwezi wa saba atamrudisha darasa la awali akacheze na wadogo, kwa sababu hajui hata herufi. Hilo kaka yako amekuficha.

Simlaumu sana. Unajua mwaka aliofariki mama alikuwaje, alikuwa anazunguka uani usiku kama mlinzi. Sasa analala, anacheka, ananisifia mboga. Nimeshindwa kumwambia kwamba kinachomlaza yeye ndicho kinachomkaba mtoto. Wewe ni fundi nguo. Sema unataka kumpima sare, nitamleta mwenyewe.

Wifi yako,
Brigita


Masasi
26 Mei 2024

Kaka Dastani,

Shikamoo. Nimepata kitambaa kizuri cha sare, kile kisichopauka. Nataka kumshonea mtoto sketi na mashati ya kutosha mpaka mwakani, ila vipimo vya kukisia vitaniaibisha. Mruhusu Brigita amlete shule zikifungwa. Hatakaa sana.

Salfa yako ipulize ukiwa umefunika pua, nakusihi.

Cecilia


Chilangala
16 Juni 2024

Cecilia,

Hiyo sketi unaishona kwa miiba? Wiki mbili zimepita. Askofu akishonewa joho hakai muda huo.

Ashraf ni kijana mwaminifu, na kwa kuwa ni mwaminifu amenijia mwenyewe na kuniambia amewaona wewe na mke wangu kwenye foleni ya hospitali, siku ya yule daktari bingwa wa pua na koo, Mama amekaa katikati yenu anakula ndizi. Brigita amerudi jana bila mtoto. Nimemhoji, amelia, amesema yote. Kwa hiyo mnanizunguka. Mke wangu, dada yangu na dereva wa Noah.

Anasema daktari anataka kumpasua Mtwara, na kwamba wanangoja neno langu. Neno langu ni hapana. Nilipomkatalia Theodora hukusifia? Sasa kisu cha Theodora na kisu cha daktari tofauti yake ni koti jeupe. Mtoto anakoroma kwa sababu ni wa ukoo wa wakoromaji. Baba yake Mama alikoroma, Mama alikoroma, huyu anakoroma. Utampeleka hospitali kwa kufanana na bibi yake?

Na nikuambie jambo ambalo Brigita hajui. Tangu aondoke sijalala. Nakaa sebuleni mpaka jogoo anawika. Nilimzika Mama mara moja, inatosha. Mrudishe.

Kaka yako,
Dastani


Masasi
20 Juni 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Tumekuzunguka kweli, nisamehe. Tuliogopa ungekataa, na umekataa.

Sitakuandikia kwa hasira, nitakuandikia alichotuonyesha daktari. Alichukua kioo kidogo, akakiweka chini ya pua yangu, kikapata ukungu. Akakiweka chini ya pua ya Justina, akamwambia afunge mdomo. Kioo kilibaki kikavu, na mtoto hakuvumilia, akaufungua mdomo akitweta. Akatueleza kwamba nyuma kabisa ya pua, juu ya kimeo, kila mtoto ana kinyama kinachomkinga na magonjwa, na wengi kinasinyaa wakikua. Cha Justina kimevimba na mafua yasiyoisha, vumbi nalo linakichochea, na hapa nilikutaja wewe na lile shati lako la salfa unalotundika chumbani kwake. Kimeziba njia nzima. Kimeo chake hakina neno. Fundi wa Theodora angekata kitu kizima na kuacha kilichoziba.

Njia ya kwenda masikioni inaanzia hapohapo, nayo imeziba, masikio yamejaa maji kwa ndani. Kaka, siyo jeuri, hakusikii. Tena mtoto akikaa mdomo wazi miaka, taya na meno hukua vibaya. Na anasinzia darasani kwa sababu usiku hajalala, amefanya kazi ya kutafuta hewa mpaka asubuhi.

Sasa la mwisho, na nimelishika siku kadhaa kabla ya kuliandika. Daktari aliuliza nani mwingine kwetu anakoroma. Nikamsimulia mkoromo wa Mama kwa majivuno yote, kama wewe unavyousimulia, nikauigiza kabisa. Hakucheka. Akaniuliza kama ulikuwa unakatika katikati. Ndiyo. Kama alikuwa anasinzia mchana. Ndiyo, kanisani. Kama aliamka kichwa kinamuuma. Kila siku, unakumbuka kitambaa alichojifunga. Presha? Ndiyo. Alifarikije? Usingizini. Akasema hawezi kumpima mtu asiyemwona, na kwamba kwa mtu mzima chanzo huwa kingine, mara nyingi ni koo linalolegea na kujifunga akilala, lakini shida ni ileile, hewa haipiti, na moyo unachoka.

Kaka, pale palipokuwa panakatika, tukasema Mama anafikiria, alikuwa hana hewa. Na sisi tulikuwa chumba cha pili tunacheka. Hatukujua, na sitaki ujilaumu, maana nami nilicheka. Ila kwa huyu tunajua. Daktari atapasua Mtwara tarehe kumi mwezi ujao, na January amesema mjomba akikataa, naye anakataa. Nasubiri neno lako.

Cecilia


Chilangala
4 Julai 2024

Wifi Cecilia,

Naandika haraka, gari linapiga honi.

Barua yako aliisoma amekaa juu ya mfuko wa salfa. Akaisoma tena. Akaikunja, akaondoka bila kula, na kwa Dastani hilo ni jambo la kuita wazee.  Siku zile alipuliza mikorosho yote, yetu na ya jirani, bila kuulizwa. Jumapili alikwenda makaburini peke yake, akarudi macho mekundu, akasema ni salfa. 

Jana ndipo akaniuliza, "Brigita, mimi nakoroma?" Nikamwambia mume wangu, mbuzi wa jirani wamehama. Hakucheka. Akaniuliza, "Na huwa nakatika?" Nikamwambia ndiyo. Akasema mbona hujaniambia miaka yote hii. Nikamjibu ningekuambia ungesema ni urithi. Akanishika mkono, jambo ambalo hafanyi mchana.

Leo alfajiri ameoga, amevaa lile shati lake la harusini, amepanda gari la Ashraf. Ameniambia anakwenda kutafuta salfa. Salfa imejaa ghalani, wifi. Mpokee vizuri, wala usimwonyeshe kwamba umejua.

Brigita


Mtwara
11 Julai 2024

Wifi yangu,

Imekwisha salama. Mungu ni mwema, nimelala kidogo kwenye benchi na sasa nakuandikia kabla Dastani hajarudi na uji.

Alifika Masasi siku ile akasema anatafuta salfa, nikamwambia karibu chai. Akanywa vikombe kadhaa. Kisha akasema, "Huyo daktari wako anaanza kazi saa ngapi?" Basi, tukaja huku wote. Kwenye karatasi ya ridhaa nimesaini mimi, lakini nilimwomba na yeye aweke sahihi chini yangu, muuguzi akasema haina haja, nikasema kwetu ina haja. Akakandamiza kalamu mpaka akatoboa karatasi.

Wakati wa upasuaji alisimama mlangoni muda wote, kila anayetoka anamuuliza, mpaka wakamhamishia bustanini. Daktari alipomaliza akamwonyesha kile kinyama kwenye kikopo. Kama punje ya korosho iliyobanguliwa. Kaka yako alikitazama sana, akamwuliza daktari, "Hiki ndicho kilichokuwa kinaimba?" Daktari akasema hicho ndicho. Akasema, "Kitupeni," akaenda kukaa.

Mtoto aliamka analia koo linamuuma, kisha akalala tena. Nilikaa naye. Mdomo ulikuwa umefungwa, wifi. Sikuwahi kuiona midomo ya mwanangu imekutana akiwa usingizini. Nililia pale mpaka muuguzi Esther akaniletea kiti. Maji ya masikioni watayaangalia baada ya wiki kadhaa, wanasema mengi hukauka yenyewe.

Jioni alipata fahamu sawasawa. Kaka akamkumbatia. Mtoto akavuta hewa kwa pua, akakunja uso, akasema, "Mjomba, unanuka." Wodi nzima ilicheka. Dastani alicheka kuliko wote, kisha akatoka nje kwa muda. Lile shati lake la harusini nimelifua.

Wifi yako,
Cecilia


Chilangala
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Cecilia,

Ashraf anasema barua zetu zimempa presha, anataka turudi kwenye simu. Nimemwambia avumilie hii.

Mtoto hajambo, na sasa ndiye bwana afya wa nyumba hii. Shati la salfa limehamia ghalani, nalala baada ya kuoga, na nikipuliza nafunga pua kwa kitambaa ulichonishonea. Mtoto anajua harufu ya kila sufuria kijijini. Akitoka shule anapita njia ya kwa Theodora, anamwambia, "Bibi, leo kwako kisamvu," na Theodora, aliyetaka kumkatia kimeo, anampakulia. Anakula mpaka Brigita anaficha mwiko. Kitanda ni kikavu. Nilikuwa sijui habari za kitanda, Brigita ameniambia majuzi tu, na nimeona haya kwa maji yote aliyokuwa akiyafulia nikiwa nimelala.

Mwalimu Fortunatus amemwacha aendelee darasa la kwanza. Anasema siku za mwanzo alidhani ni mtoto mwingine, maana anauliza maswali na anawasahihisha wenzake. Anasikia kila kitu. Mimi na Brigita sasa tukiwa na ugomvi tunakwenda kugombana shambani.

Usiku ndipo nilipopata shida. Wiki za mwanzo ukimya ule ulinitoa kitandani. Nilikuwa nakwenda kumwekea kidole chini ya pua. Hewa ilikuwa inatoka, ya moto, taratibu, haina haraka. Nilikuwa nasimama pale mpaka miguu inachoka. Sasa nimeacha, kwa sababu siku moja aliamka akasema, "Mjomba, unanitekenya, nenda kalale." Nikaenda, na nikalala.

Na mimi nimekubali kuonwa. Daktari alishaniambia pale Mtwara kwamba nirudi, nikajifanya sikusikia. Nakuja Masasi mnada wa kwanza wa korosho ukipita, Brigita atanisindikiza ili nisirudie njiani.

Jana mimi na mtoto tulikuwa uani tunachambua choroko. Akaniuliza kwa nini mimi namwita Mama na wenzake wanamwita Justina. Nikamsimulia bibi yake. Alivyokuwa akilima, alivyokuwa na maneno, alivyotubeba wawili kwa zamu kushuka bondeni kuchota maji. Nikafika kwenye mkoromo, nikaanza kuuigiza, nikashindwa kuendelea.

Akauliza, "Alikuwa na kinyama kama changu?"

Nikamwambia yake ilikuwa shida nyingine, lakini hewa ilikuwa haipiti, kama wewe. Akachambua kidogo, anafikiria, mdomo umefungwa. Halafu akasema, "Sasa mbona hamkumpeleka kwa daktari wangu?"

Nikamwambia hatukujua, mwanangu. Akanitazama, akanisogezea ungo wake karibu na wangu, akaniambia, "Haya, Mjomba. Usilie. Wewe tutakupeleka."

Kaka yako,
Dastani